Maiti za Abu Zaabal

Kwa Waislamu wa Garissa, maiti haikai. Mtu akifa alfajiri, mara nyingi kabla ya alasiri ameshaoshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa na kuzikwa. Kijana wao anayekwenda kusomea udaktari Nairobi, ambako kitivo kilifunguliwa mwaka 1967, hukuta mwaka wa kwanza maiti iliyolazwa mezani kwa miezi, ikipasuliwa kidogo kidogo. Moyo humgonga, na si yeye Mwislamu wa kwanza kupatwa na hali hiyo.

Mwaka 1827 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alifungua shule ya udaktari Abu Zaabal, jirani na kambi ya jeshi nje ya Cairo. Alitaka madaktari wa askari wake. Mfaransa Antoine Clot, aliyepewa shule hiyo, alipokea wanafunzi kutoka Al-Azhar, vijana waliolelewa kwa Kurani na fikihi. Kifaransa hawakukijua, hivyo kila somo lilipita kwa mkalimani. Clot alishikilia kwamba daktari asiyejua mwili kwa macho na mikono yake atampasua mgonjwa kwa kubahatisha. Akaanza na wanyama. Kisha akawaendea maulamaa, akajadiliana nao, hatimaye wakamwachia apasue maiti za watu, mradi jambo lisitangazwe.

Hata hivyo si wote walioridhika. Siku moja mwanafunzi alimsogelea darasani akamshambulia kwa kisu. Clot alijeruhiwa, akapona, na masomo yakaendelea. Mwaka 1837 shule ilihamia Qasr al-Ayni, mjini Cairo, na inafundisha mpaka leo.

Ulaya nako watu waliogopa meza hiyo, tena kwa haki. Mwaka 1828, mjini Edinburgh, William Burke na William Hare waliua watu 16 na kumuuzia maiti zao Dkt. Robert Knox, mwalimu wa anatomia. Burke alinyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 ilikomesha biashara hiyo kwa kuwapa walimu maiti za mafukara wasio na jamaa wa kuwachukua. Hapo ndipo dhuluma ilipohamia: tajiri alizikwa mzima, maskini akafundishia wengine bila kuulizwa.

Mashauri ya Abu Zaabal yalifanywa faraghani. Ya Garissa yafanywe hadharani: mashekhe, madaktari na wazazi wakae kitako, ijulikane kila maiti ya darasani imetoka wapi, kwa idhini ya nani, na itazikwa lini.