Kabla ya Kulaumu Wi-Fi, Jua Historia ya Mlango

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Baada ya kuachana na chuo nilikuwa nahudumia saiba moja hapa Nakuru. Siku moja, na ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba kozi za chuo, foleni imefika hadi nje. Mimi, mjuaji, nikaingia kwenye seva nikabadilisha mistari miwili ya mipangilio ya mtandao. Mashine zote zikakatika. Dada mmoja aliyetoka Njoro na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki akaniuliza, "Itarudi saa ngapi?" Manze, sikuwa na jibu.

Hiyo ndiyo siku nilianza kufuatilia historia ya kitu ambacho huwa hatukioni mpaka kiharibike.

Iko hivi. Kila kompyuta ina mlango wa kutokea kwenda mtandaoni. Unaweza kuwa wa waya, wa Wi-Fi, au modemu. Wataalamu huuita kiolesura, lakini mimi nitauita mlango tu. Lazima upewe anwani, na uambiwe njia ya kutokea ni ipi. Ukikosea hapo, umejifungia nje.

Mwaka 1983, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa mfumo wa 4.2BSD uliokuwa na amri inaitwa ifconfig. Ilifanya kazi, ila ukizima mashine, inasahau kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Anthony Towns wa mradi wa Debian akaandika ifupdown. Milango yote inaandikwa kwenye faili moja, halafu ifup inafungua na ifdown inafunga. Utamu wake ni kwamba ni ya vipande. Unataka kitu fulani kifanyike kila mlango ukifunguka? Weka skripti yako kwenye folda yake, basi. Ni kama fundi wa pikipiki: taa ikiungua anabadilisha taa, habomoi injini.

Mwaka 2017 Ubuntu ikahamia Netplan (na ndiyo, neno ubuntu ni ndugu wa utu wetu). Mwaka 2020 Ariadne Conill akaja na ifupdown-ng: faili ni ileile ya zamani, lakini ndani kila kazi imepewa kiprogramu chake kidogo. Ukitaka kuongeza kazi mpya, ongeza kipande.

Sasa utaniuliza, sisi wa Bonde la Ufa hii inatuhusu nini? Inatuhusu sana.

Ukipanda matatu kwenda Nairobi, ukishapita Naivasha utauona mlima Longonot. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi kilikuwa mlango wa Kenya kwenda nje. Intaneti ilikuja miaka ya tisini, na kufikia mwisho wa miaka hiyo Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki ya kisheria ya njia za kimataifa. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: barua pepe ya kwenda kwa jirani yako anayetumia kampuni tofauti ilipanda angani, ikafika ng'ambo, halafu ikarudi Kenya. Na ililipiwa kwa dola.

Novemba 2000 kampuni za intaneti zikaungana na kuanzisha KIXP jijini Nairobi, mahali pa kubadilishana data hapahapa nyumbani. Telkom ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikaifunga muda mfupi baadaye. Wadau wakakomaa, na Februari 2002 ikafunguliwa tena. Mwaka 2009 nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa. Milango ikaongezeka, na polepole bei zikashuka.

Lakini kuongeza milango hakutoshi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na intaneti ya Kenya ikaanza kujikokota. Milango miwili ikipita uchochoro mmoja, ni kama una mlango mmoja.

Maoni yangu ni haya: nchi na seva zina ugonjwa uleule. Tunapenda kitu kimoja kikubwa kinachofanya kila kitu, mpaka siku kinaanguka na sisi. Heri vipande vidogo unavyoweza kubadilisha kimoja kimoja, na njia ya kurudi nyuma ukikosea. Netplan yenyewe ina amri ya netplan try: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya zamani. Siku ile nilitumia netplan apply. Sekunde 120 zingeniokolea saa mbili za kulaumiwa na foleni nzima.

Chuo kilinifundisha kufaulu mtihani wa mitandao. Foleni ile ndiyo iliyonifundisha kwamba nyuma ya kila mlango kuna mtu anangoja.

Yule dada? Niliwasha hotspot ya simu yangu, bando lenyewe la shilingi hamsini, akatuma maombi yake kabla giza halijaingia. Mlango wa pili ulikuwa mfukoni mwangu muda wote, na mimi nilikuwa nimeukodolea macho ule uliofungwa.

Hebu niambie, wako wa pili uko wapi?