Masajini na Nyota za Begani

Kila ninapofundisha uasi wa jeshi wa Januari 1964, wanafunzi hudhani chanzo kilikuwa mishahara tu. Mishahara ilikuwamo, lakini kamisheni pia ilikuwamo.

Kijana wa Shinyanga au Geita aliyechoka pamba, asiyetaka mgodi wa dhahabu wala almasi za Mwadui, angeweza kujiunga na King's African Rifles. Humo angefika usajini. Kamisheni, kwa sehemu kubwa ya enzi hiyo, haikuwa ya kuombwa na Mwafrika. Miaka ya 1950 Waingereza wakabuni cheo cha effendi (ndugu wa neno letu “afande”): aliye juu ya sajini, lakini si ofisa kamili. Idi Amin alikipata mwaka 1959, na kamisheni mwaka 1961.

Uhuru ulikuja, Waingereza wakabaki na ukamanda wa Tanganyika Rifles. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliwakamata maofisa hao; kesho yake Tabora, jirani na Shinyanga, ikafuata. Kinara wao alikuwa sajini, Francis Hingo Ilogi.

Septemba 1964 JWTZ iliundwa chini ya Mirisho Sarakikya, mhitimu wa Sandhurst. Ilogi alikuwa gerezani.