Mswada wa Kiswahili Katika Bunge la Kigali

Watu wengi, wanapozungumza juu ya miswada ya sheria, huuliza swali moja tu: je, umepita au umekataliwa? Wakiisha kuambiwa kwamba umepita, huona habari imekwisha. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba katika mambo ya lugha swali hilo halitoshi hata kidogo. Tumechagua mfano unaotugusa sisi sote tunaofundisha na tunaojifunza Kiswahili, nao ni mswada uliopitishwa na Bunge la Rwanda, mjini Kigali, mwaka 2017, ukakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya nchi hiyo.

Kiswahili kabla ya mswada

Asidhani msomaji kwamba Kiswahili kiliingia Rwanda kwa kura ya wabunge. Kilikuwako zamani. Wakati Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao ya utawala huko Kigali, mwaka 1907, Kiswahili kilikuja pamoja na askari, makarani na wachuuzi waliofuata njia za biashara kutoka pwani na Tabora. Wabelgiji walipowafukuza Wajerumani mwaka 1916 walikikuta, wakakitumia kwa muda, kisha wakakisukuma pembeni. Katika shule za watoto wa machifu Kifaransa kikashika nafasi ya mbele, na Kiswahili kikabaki lugha ya soko, ya gereji, na ya mitaa ya Waislamu kama Biryogo na Nyamirambo. Jina la "Mswahili" katika vinywa vya watu wengi wa Kigali likawa na maana ya Mwislamu, au mtu wa mjini asiyeaminika sana. Hilo ndilo doa ambalo lugha yetu ilibeba huko kwa miaka mingi, na mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda hana budi kulijua, maana baadhi ya wazazi wa wanafunzi wake wamelisikia tangu utoto.

Hata hivyo lugha haikungoja ruhusa. Mnyarwanda asiyejua sentensi moja ya Kiswahili husoma igitabo, huandika kwa ikaramu, hufungua idirishya na kula katika isahani. Maneno hayo yalihamia katika Kinyarwanda bila mswada wala kura, yakavaa viambishi vya huko na kuwa wenyeji. Tena, baada ya mwaka 1994, maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi Tanzania, Kongo, Burundi na Uganda walirudi nyumbani, na wengi wao walirudi na Kiswahili.

Kwa upande wa sheria, habari ilikuwa nyingine. Tangu uhuru wa mwaka 1962 lugha zilizotambuliwa zilikuwa Kinyarwanda na Kifaransa. Kiingereza kiliongezwa mwaka 1996, na Katiba ya mwaka 2003 ikathibitisha hizo tatu. Kiswahili kilisikika redioni na sokoni, lakini katika orodha ya lugha rasmi hakikuwamo.

Baraza lenyewe

Wanyarwanda huliita Bunge lao Inteko Ishinga Amategeko, yaani baraza linaloweka sheria. Linakutana Kimihurura, katika jengo lililokuwa la baraza la zamani lililoitwa kwa kifupi CND. Kuta zake ziliwahi kupigwa risasi na mizinga katika vita vya mwaka 1994, na alama zake zikaachwa makusudi zionekane. Kwa Katiba ya mwaka 2003 Bunge hili lilifanywa la vyumba viwili, Wabunge 80 na Maseneta 26. Katika uchaguzi wa mwaka 2008 Chumba cha Wabunge kilikuwa cha kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume.

Katika jengo hili imepita miswada mikubwa. Mwaka 1999 ilitoka sheria iliyowapa watoto wa kike haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Mwaka 2007 ikatoka sheria ya kufuta adhabu ya kifo. Tunaitaja miwili hiyo kwa sababu inatofautiana kwa namna inayotusaidia katika hoja yetu. Sheria ya kufuta adhabu ya kifo ilijitimiza yenyewe: siku ilipoanza kutumika, aliyekuwa amehukumiwa kufa hakuwa tena wa kufa, na adhabu yake iligeuzwa. Sheria ya urithi haikuwa hivyo. Ilimpa binti haki katika karatasi, lakini haki hiyo ilipaswa kutembea kutoka Kigali mpaka kwenye kila kilima, iingie katika kila familia yenye kipande cha shamba, ikabiliane na baba, na wajomba, na mazoea ya vizazi. Kuna sheria, basi, ambazo siku ya kupita ni siku ya kumalizika, na kuna sheria ambazo siku ya kupita ni siku ya kuanza tu. Sheria za lugha ni za aina hii ya pili.

Njia ya mswada

Katiba ya Rwanda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, ilitaja lugha rasmi tatu, lakini iliacha mlango wazi: lugha rasmi ingeweza kuongezwa au kuondolewa kwa sheria ya aina maalumu ambayo kwa Kinyarwanda huitwa itegeko ngenga. Hiyo ni sheria iliyo chini ya Katiba na juu ya sheria za kawaida, nayo haipiti kwa wingi mdogo wa kura, bali hutaka theluthi mbili kasoro kidogo, yaani watatu katika kila watano wa waliohudhuria, katika vyumba vyote viwili.

Rwanda ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 137, unasema kwamba Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Hapo ndipo ilipotoka sababu ya kwanza ya Serikali, kutimiza wajibu wake kwa majirani. Sababu ya pili ilikuwa ya mfukoni. Rwanda haina bahari. Mizigo yake hupitia Dar es Salaam na Mombasa, na katika njia zote mbili dereva, mpakuzi, na mwenye duka la mpakani huzungumza Kiswahili.

Aliyeupeleka mswada mbele ya Wabunge alikuwa Waziri wa Michezo na Utamaduni, Julienne Uwacu. Tarehe 8 Februari 2017 Chumba cha Wabunge kiliupitisha. Sheria yenyewe ilitiwa sahihi tarehe 20 Aprili 2017. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa mswada ulipopita, Kiswahili kingetumika katika shughuli za utawala na kingeonekana katika baadhi ya nyaraka rasmi.

Twamwomba msomaji alitazame vizuri neno "baadhi". Nyaraka zipi? Hati ya kuzaliwa? Hukumu ya mahakama? Fomu ya kodi? Neno dogo kama hilo ndilo linaloamua kama lugha imepewa kiti au imepewa jina la kiti. Gazeti la Serikali ya Rwanda kwa desturi huchapa sheria katika safu tatu, Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na safu ya nne haikuongezwa kwa kura ile. Mwananchi anayejua Kiswahili peke yake miongoni mwa lugha za kigeni alitambuliwa lugha yake na sheria ambayo yeye mwenyewe hakuwekewa safu ya kuisoma.

Majirani wanatufundisha nini?

Hatulisemi jambo hili kwa kuilaumu Rwanda, kwani majirani zake kadhaa wamepita katika tope hilo hilo.

Nchini Kenya, mwezi Julai 1974, Rais Jomo Kenyatta aliamuru Bunge litumie Kiswahili. Wabunge wakaanza kujadiliana kwa Kiswahili, lakini miswada waliyokuwa wakiijadili iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge alisoma kwa lugha moja na kusimama kusema kwa nyingine. Mwaka 1979, baada ya Kenyatta kufariki, Kiingereza kiliruhusiwa tena katika mijadala. Ilibidi kungoja Katiba ya mwaka 2010 ndipo Kiswahili kiitwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini yakaongeza kwamba kitatumika katika mambo ambayo Bunge litayataja kwa sheria. Miaka ikapita. Mwezi Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipoamua juu ya kulifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima shuleni. Kati ya kutangazwa na uamuzi huo palipita miaka 17, muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa na kumaliza sekondari.

Hata Tanzania, nchi ambayo wengi huidhani haina deni lolote kwa Kiswahili, ilikuwa nalo. Wabunge wake walijadiliana kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, lakini sheria nyingi na hukumu za mahakama kuu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Tukiiweka miswada hii pamoja na ule wa Kigali, twaona jambo moja linajirudia. Hakuna bunge katika nchi hizi lililoshindwa kukisifu Kiswahili. Ugumu ulianza pale ilipotakiwa kusemwa ni karatasi ipi, katika ofisi ipi, itaandikwa kwa Kiswahili, na nani ataiandika. Sifa haina gharama. Mfasiri ana mshahara.

Kazi iliyobaki

Hapo ndipo mwalimu anapoingia. Ili fomu moja ya Kiswahili itolewe katika ofisi ya sekta mjini Kigali, lazima awepo aliyeifasiri, karani awezaye kuisoma, na mwananchi awezaye kuijaza. Wote watatu walikuwa wanafunzi wa mtu. Wabunge waliweza kuifanya lugha kuwa rasmi kwa siku moja. Hakuna kura iwezayo kumfanya karani aijue.

Kazi hiyo ina ugumu wake katika nchi ile. Mwanafunzi Mnyarwanda hukutana na Kiswahili kama mtu anayekutana na binamu yake: sura anaijua, tabia haijui. Ngeli hazimshangazi, kwani anazo katika lugha yake, tena nyingi zaidi. Lakini ukaribu huo una mitego. Akisikia "mti" hufikiri umuti, ambayo kwake ni dawa. Sauti za l na r, ambazo Kinyarwanda hakizitenganishi kama Kiswahili kinavyozitenganisha, humfanya achanganye "kula" na "kura", kosa ambalo katika somo la uraia laweza kuleta kicheko kirefu darasani. Mwalimu aliyetoka Tanzania au Kenya na kitabu kilichotungwa kwa ajili ya watoto wa huko hataikuta mitego hii katika kurasa zake. Vinahitajika vitabu vilivyotungwa kwa kumfikiria Mnyarwanda.

Kuna na kazi ya istilahi. Katika makala haya tumelazimika kuandika itegeko ngenga na kulieleza kwa maneno mengi, kwa sababu Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa sheria ya namna hiyo. Tanzania na Kenya zilirithi sheria za Kiingereza. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi utaratibu wa Kibelgiji. Kiswahili cha sheria kilichokuzwa Dodoma na Nairobi hakitoshi Kigali bila kuongezewa. Kwa hiyo Rwanda si mpokeaji tu wa lugha iliyokwisha kamilika kwingine. Kwa kuingia kwake, inaidai lugha yetu ijifunze kusema mambo ambayo haikupata kuyasema, na deni hilo ni faida kwetu sote.

Mwisho twapenda kuwakumbusha walimu wenzetu kwamba doa tulilolitaja mwanzoni halifutwi na Gazeti la Serikali. Sheria ya mwaka 2017 ilimpa mwanafunzi wa Nyamirambo jibu zuri anapochekwa kwa lugha ya nyumbani kwake: aweza kusema ni lugha rasmi ya nchi yake. Jibu hilo si dogo. Lakini litakuwa na nguvu kamili siku atakapoingia ofisini, akaomba karatasi kwa Kiswahili, akapewa bila mtu kushangaa. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Wabunge wa Kigali wametangulia, nao twawashukuru. Safari iliyobaki inapita katika madarasa yetu.