Mafua Yasiyokwisha ya Sungura wa Ng'ambo

Daktari wa mifugo anayejua kazi yake haanzi na pua. Humshika sungura mguu wa mbele, akaugeuza na kutazama upande wa ndani. Manyoya yakiwa yamegandana, makavu na magumu kama brashi iliyosahauliwa na rangi yake, jibu ameshalipata: mnyama huyu amekuwa akipangusa kamasi siku kadhaa. Sungura ni msafi mno. Mwenye sungura atasema, "Lakini daktari, puani hana kitu." Hana kwa sababu ameshajifuta.

Nyuma ya nyumba za Kisauni, Likoni na Changamwe, mitaa ya Mombasa, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, ndipo vilipo vizimba vya mabanzi na wavu wa kuku ambamo mambo haya hujirudia. Sungura hupiga chafya. Hununuliwa dawa, akapata nafuu wiki mbili, mtoto wa nyumba akafurahi. Kisha chafya tena. Wafugaji huyaita mafua tu, jina dogo kwa ugonjwa wenye safari ndefu hivi.

Kwanza, mnyama mwenyewe ni mgeni. Sungura wa hadithi, yule anayemchezea simba shere, si huyu wa kizimbani. Yule ni wa porini, ambaye wazee wa Mvita walimwita kitungule. Hachimbi shimo la kuishi, na watoto wake huzaliwa macho wazi na manyoya mwilini, karibu tayari kukimbia. Huyu wa kufugwa asili yake ni Uhispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Vitoto vyake huzaliwa uchi, vipofu, vikafunikwa kwa manyoya ambayo mama ameyanyofoa kifuani mwake. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, na labda ndiyo sababu watu humdhania mwenyeji, kwamba joto la pwani ni la kwao. Aliletwa Kenya na wamishonari na walowezi wa Kizungu, akazoezwa nyanda za juu zenye baridi, na huko ndiko Wakenya wengi walikojifunza kumfuga.

Pwani aliteremka pamoja na watu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Bandari ya Kilindini ikakua, na mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa Changamwe. Magongo, Chaani na Mikindani zikajaa familia zilizotoka bara na tabia zao za bara: shamba dogo la sukuma wiki kando ya choo, kuku wawili watatu, na sungura. Shuleni nako alikuwapo. Vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962, na mradi wa sungura ulifaa watoto kwa sababu hautaki eneo kubwa wala fedha nyingi. Mapema miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa Ujerumani, iliweka kituo cha taifa cha kuzalisha sungura Ngong. Huko ndiko yalikotapakaa majina ambayo wafugaji wa Kenya huyataja kama majina ya magari: New Zealand White, California, Chinchilla, Flemish Giant. (Huyo New Zealand alitengenezwa Marekani. Jina lisimhadae mtu.)

Mombasa lakini ina hesabu zake za chakula. Kwa Waislamu wa Sunni, ambao ndio wengi, nyama ya sungura ni halali. Imo hadithi ya Anas bin Malik, aliyemkamata sungura karibu na Makka, akachinjwa, na paja lake likapelekwa kwa Mtume. Kwa Mashia Ithnaasheri na Mabohora haliwi. Na hata anakoruhusiwa, nyama yake haikupata nafasi jikoni mbele ya mbuzi, kuku na samaki. Hivyo sungura wengi wa ng'ambo waliishia kuwa wa mtoto: wana majina, hubebwa mikononi, hulishwa majani ya kabichi yaliyookotwa sokoni Kongowea. Hilo lina uzito wake katika habari hii ya mafua. Mfugaji wa nyama akimwona sungura wa kukohoa humtoa kundini siku hiyohiyo. Mtoto wa Mtongwe hawezi kumtoa sungura wake Kipusa. Kipusa anataka kutibiwa, na atatibiwa tena mwezi ujao.

Pamoja na sungura liliteremka banda lake. Ngong iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na adui wa sungura huko ni upepo wa baridi usiku, kwa hiyo mtu mwenye busara huziba pande tatu. Sanduku hilohilo likijengwa Likoni linakuwa jambo jingine. Sungura hustarehe kati ya nyuzi 16 na 21 za Selisiasi. Februari na Machi, wakati wa kaskazi, Mombasa hupita 32 mchana, na fukuto halipungui hata jua likizama. Hana jasho la maana. Joto hulitolea masikioni. Tena mkojo wake ni mkali, na katika hewa nzito isiyotembea hutoa amonia inayopaa polepole hadi usawa wa pua yake, sentimita chache tu juu ya sakafu. Binadamu aliyesimama haisikii. Amonia huunguza utando wa pua na kuvilemaza vile vinywele vidogo vinavyosukuma uchafu nje. Mlango umefunguliwa.

Anayeingia ni kijidudu chenye historia ya ajabu.

Mwaka 1887 serikali ya New South Wales, Australia, ilitangaza zawadi ya pauni 25,000 kwa atakayepata njia ya kuwaangamiza sungura, ambao walikuwa wamegeuka tauni ya malisho. Louis Pasteur, huko Paris, alijitosa. Alikuwa amekichunguza kipindupindu cha kuku kwa miaka kadhaa na alijua kwamba kijidudu chake huua sungura vilevile. Mwisho wa mwaka huo alikijaribu Reims, katika shamba la mjane Pommery, tajiri wa shampeni: majani yalimwagiwa supu ya vijidudu, na asubuhi yake maiti za sungura zikaanza kuokotwa. Mwaka 1888 alimtuma Adrien Loir, mpwa wa mkewe, hadi Sydney, akapewa maabara katika kisiwa kidogo cha Rodd. Tume ya wakubwa wa Australia ikatazama, ikapima, ikakataa. Ilihofia usalama wa ndege, na tena iliona kwamba sungura aliyelishwa vijidudu hufa vizuri tu, lakini hawaambukizi wenzake kiasi cha kumaliza kundi.

Kundi la vijidudu hivyo lilipewa jina la Pasteur mwenyewe: Pasteurella. Huyohuyo wa kipindupindu cha kuku, Pasteurella multocida, ndiye mshukiwa mkuu katika mafua ya sungura wa Magongo, ingawa hayuko peke yake. Bordetella naye huonekana mara nyingi. Na kile kilichomwangusha Loir kule Sydney kina maana hapa. Kijidudu hiki hakina haraka. Kinaweza kukaa puani mwa sungura mzima kwa miaka bila kumsumbua. Mama humwambukiza mtoto kabla hajaacha kunyonya. Kisha huja fukuto la Machi, au mvua za Mei na sakafu isiyokauka, au safari ya boda boda ndani ya katoni, na kinga ya mnyama ikilegea kidogo mwenyeji huyo wa siri huamka. Kikipata nafasi hupenya hadi kwenye mashimo ya mifupa ya uso, kwenye mfereji wa machozi, hata sikio la ndani, ambapo sungura huinamisha kichwa upande mmoja na kuzunguka kama aliyelewa. Huko dawa hufika kwa shida. Kwa hiyo yale yanayoitwa mafua mapya mara nyingi ni yaleyale ya zamani.

Njia nyingine ya kuenea kwake haipatikani kitabuni ila mtaani: dume la kuazima. Nyumba moja Bamburi ina dume zuri, majike yanaletwa kutoka Mishomoroni na Utange, wanagusana pua, na baada ya mwezi kila mmoja amepata vitoto na kingine kisichotajwa katika makubaliano.

Historia ya dawa ina mtego ambao umeua sungura wengi kuliko kijidudu chenyewe, angalau kwa hukumu ya mwandishi huyu. Tarehe 25 Mei 1940, mjini Oxford, kikundi cha Howard Florey kiliwadunga panya wanane vijidudu vya kuua, kikawapa wanne penisilini. Asubuhi yake wanne hao walikuwa hai. Ilikuwa bahati kwamba waliwachagua panya. Miaka michache baadaye ilibainika kwamba penisilini huwaua simbilisi, na sungura wana udhaifu wa aina hiyohiyo wakiimeza. Utumbo mpana wa sungura ni pipa la kuchachushia majani, linaloendeshwa na bakteria wema. Amoxicillin au ampicillin ikipita kinywani huwafyeka hao wema, wabaya wakajaa na kumwaga sumu, na baada ya siku chache mnyama huharisha na kufa. Kwa sindano, mikononi mwa daktari, penisilini ni habari nyingine. Lakini kilichomo kabatini mwa nyumba ya Kisauni si sindano. Ni ile chupa ya waridi ya amoxicillin iliyobaki mtoto alipougua masikio.

Zamani kidogo pengine pangekuwa na mtu wa kumwonya mfugaji. Kenya ilikuwa na maabara ya mifugo Kabete tangu 1910, na baada ya uhuru maafisa wa serikali walitoa huduma kwa bei nafuu au bure. Hata hivyo mafunzo yote yalimwelekea ng'ombe. Sungura alikuwa mradi wa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990 serikali ilianza kujitoa katika huduma hizo, na nafasi ikajazwa na duka la dawa za mifugo, lenye pakiti ya unga wa oksitetrasaiklini yenye picha ya kuku. Dawa hiyo huzima chafya, mara nyingi. Siku hizi madaktari huandika enrofloxacin zaidi, tena kwa wiki kadhaa, si siku tatu. Shida ni kwamba mwenye sungura huacha pua inapokauka, kwa sababu pakiti ina bei na sungura anaonekana mzima. Tangu 2013 kazi ya mifugo iko chini ya kaunti, na kaunti ya mji wa bandari ina mengine ya kuwaza.

Muarobaini haukusahauliwa. Wako wanaochemsha majani yake, na wako wanaomfukiza sungura kama wanavyojifukiza wenyewe, chini ya kanga. Mvuke safi wa maji hulainisha kamasi, na madaktari nao hutumia mashine ya kupulizia dawa kwa mantiki iyo hiyo. Moshi ndio balaa. Sungura hupumua kwa pua tu. Ukimwona amefungua kinywa kutafuta hewa, hapo si mafua tena, ni kukimbilia daktari.

Katika maonyesho ya kilimo ya Mkomani, ambapo watoto hujipanga kumshika sungura masikio (asishikwe masikio), mafundi wazuri wa mabanda huonekana kwa alama moja: wamesahau kuta. Paa la makuti lenye kivuli kirefu, sakafu ya wavu au chane zilizoachana ili mkojo udondoke chini, upande wa kusi ukizibwa kwa gunia wakati wa mvua tu. Mgeni huwekwa mbali na wenyeji wiki mbili au zaidi. Hakuna ufundi mkubwa. Kinachotakiwa ni kuacha kujenga Ngong huku Likoni.

Ukiwa na sungura wa kupiga chafya, usianze na duka. Leo usiku, kabla ya kufagia banda, piga magoti, weka pua yako pale ilipo yake, uvute pumzi mara tatu. Macho yakikuwasha, bomoa ukuta mmoja kesho asubuhi, kisha ndipo umpigie daktari.