Televisheni Ilipobadili Njia

Somo la leo ni habari za televisheni.

Unguja ilipata televisheni katika miaka ya 1970. Bara ilingoja mpaka 1994.

Mwaka 2006, huko Geneva, mataifa mengi yalipatana kuacha mitambo ya analojia na kushika ya dijitali. Kwa nini? Kwa sababu njia iliyopitisha stesheni moja sasa hupitisha kadhaa. Tanzania ilizima mitambo ya zamani ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Mwaka 2013 ikafika zamu ya Mbeya.

Tangu hapo televisheni ya zamani ilihitaji king'amuzi. Asiye na fedha za kukinunua alibaki na chenga tupu.

Nanyi mlio Suma, katika vilima vya Rungwe, jueni hili: mlima huzuia mawimbi. Picha ya zamani ikidhoofika ilileta chenga. Ya dijitali hukatika kabisa. Basi inueni antena, ielekezeni penye mtambo, kisha king'amuzi kitafute stesheni upya.

Swali la kuandika: Ni nani alifaidika na badiliko hili, na ni nani aliachwa nyuma?

Kwaherini.