Dawa Ipelekwe Penye Kidonda

Mnamo 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Rochester, Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alisimama na kutembea. Habari zikaenea, na madaktari wa maradhi mengine wakaanza kuitafuta dawa hiyo.

Mjini Oxford, Sidney Truelove na Leslie Witts walikuwa na wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana: wenye hali mbaya walikwenda haja mara sita au zaidi kwa siku, choo kimejaa damu, homa juu, mwili ukikonda. Waliozidiwa walifanyiwa upasuaji wa kuondoa utumbo, na wengi walikufa. Wagonjwa 210 waligawanywa kwa kura. Baadhi wakapewa kotisoni, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 1955. Baada ya wiki sita, asilimia 41 ya waliopata kotisoni walikuwa wametulia kabisa, dhidi ya asilimia 16 ya wenzao.

Lakini kotisoni ya kumeza huzunguka mwili mzima. Uso huvimba, sukari hupanda, mifupa huliwa taratibu. Hapo ndipo Truelove aliponifanya nimheshimu: hakuridhika na ushindi wake mwenyewe. Maradhi haya karibu kila mara huanzia kwenye puru, kisha hupanda juu bila kuruka sehemu. Basi kwa nini dawa ipite mdomoni? Alichukua haidrokotisoni, ndugu ya kotisoni, ya aina inayoyeyuka majini, akaiingiza kwa mpira mwembamba kupitia njia ya haja kubwa, tone kwa tone, usiku mgonjwa akiwa amelala, ili ikae juu ya vidonda vyenyewe. Aliandika habari zake 1956, na 1958 akatoa jaribio lililolinganisha dawa na kimiminiko kisicho na dawa. Dawa ilishinda.

Baadaye ilikuja enema ya povu, yaani dawa ya povu inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, ambayo mgonjwa huweza kuizuia isitoke kwa urahisi zaidi kuliko maji. Ikaja pia budesonaidi, steroidi (dawa ya jamii ya kotisoni) ambayo sehemu yake kubwa huvunjwa na ini kabla ya kusambaa mwilini.

Leo, vidonda vikiwa kwenye puru peke yake, madaktari huanza na mesalazini, dawa isiyo steroidi, ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, na mesalazini isipotosha, steroidi hufuata. Steroidi hutuliza moto uliowaka tu. Kuuzuia usirudi miezi ijayo ni kazi ya dawa nyingine.