Mawe Yaliyosimama ya Bouar

Katika Maandiko Matakatifu Yoshua aliweka mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika mto Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wapate kuwajibu. Afrika yetu pia ina mawe yaliyosimamishwa na wazee wa kale. Jibu lao ndilo lililopotea.

Yapo Bouar, magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, mji ambao tangu mwaka 1978 ni makao ya askofu. Wagbaya, wenyeji wa inchi ile, huyaita tazunu, maana yake mawe yaliyosimama. Yameenea katika eneo lenye urefu wa kilometa 130 hivi na upana wa kilometa 30. Kila tazunu ni kichuguu cha udongo na mawe, na juu yake yamesimikwa mawe marefu. Makubwa yake yana uzito wa tani kadhaa. Ndani mna visanduku vidogo vilivyojengwa kwa mawe bapa. Wajenzi walipenda vyanzo vya vijito. Nyanda zile za juu hugawa maji: mengine hushuka kuelekea Ziwa Chadi, mengine huingia katika Mambéré, halafu Sangha, na mwisho katika mto wetu Kongo. Basi wazee hao walikunywa maji yanayopita kwetu.

Katika miaka ya 1960 Mfaransa Pierre Vidal alichimba huko. Makaa ya moto wa kale yalipopimwa, mengine yalionekana kuwa ya zaidi ya miaka 5,000 kabla ya Kristu, mengine ya miaka elfu ya mwisho kabla ya kuzaliwa kwake. Vidal aliamini kwamba ujenzi ulianza zamani zile za mbali. Nicholas David, aliyechimba mwaka 1975, hakukubali: kwake makaa ya kwanza ni ya watu waliokaa pale kabla ya tazunu kujengwa. Mimi naona sababu hii ina nguvu, kwa maana mwenye kuchimba kaburi hutoa juu udongo mzee kuliko maiti. Hata hivyo, kwa hesabu yoyote, mawe haya yana umri wa miaka elfu mbili na zaidi. Étienne Zangato naye alitoa kitabu juu yake mwaka 1999.

Wengi husema ni makaburi, au ukumbusho wa wafu. Hakuna jina la mjenzi hata mmoja lililotufikia. Lakini kuvuta jiwe la tani bila gari wala ng'ombe kulihitaji watu wengi, chakula cha kuwalisha, na mzee mmoja ambaye neno lake lilisikiwa. Watu hawafanyi kazi hiyo kwa ajili ya mtu wasiyempenda au wasiyemwogopa.

Mwaka 2006 serikali ya inchi ile iliyaandikisha UNESCO katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Ni orodha ya kungojea tu. Haimzuii mtu anayetafuta jiwe zuri la msingi wa nyumba yake.